Ganzi, nusukaputi na dawa ya kutuliza maumivu

ganzi nm [i-/zi-] hali ya sehemu ya mwili kukosa hisi kwa muda. *Mguu umekufa ganzi. Daktari alimtia ganzi kabla ya kumng'oa jino.* Husemwa pia *ganzi ya meno*, inayoletwa na vitu vikali kama ukwaju au embe bichi.

Matumizi. Katika tiba, *dawa ya ganzi* huizuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo. Haimlazi mgonjwa. *Nusukaputi* humpoteza fahamu kabisa. Sehemu yake ya pili imetokana na neno la Kijerumani *kaputt*, lenye maana ya kitu kilichoharibika. *Dawa ya kutuliza maumivu* hupunguza uchungu bila kuondoa hisi.

Upasuaji wa mawe ya figo waweza kuyahitaji maneno yote matatu. Mgonjwa anayetolewa mawe kupitia tundu dogo mgongoni aweza kupewa nusukaputi, au ganzi ya uti wa mgongo, ambayo humwacha macho. Mwishoni, daktari aweza kuchoma ganzi kuzunguka kidonda ili saa za mwanzo zipite kwa nafuu. Lidokaini hudumu saa moja au mbili hivi. Bupivakaini hudumu saa kadhaa zaidi. Baada ya hapo mgonjwa hutegemea dawa ya kutuliza maumivu.

Tahadhari kwa wafasiri. Mkoani Singida, ambako wazee wengi huzungumza Kinyaturu au Kinyiramba nyumbani, maelezo ya daktari huweza kumfikia mgonjwa kwa kinywa cha muuguzi au mwanawe. Akiambiwa "dawa ya usingizi" mahali pa ganzi, mzee hutarajia kulala, kisha hutaharuki akisikia sauti za waganga juu yake. Akiambiwa tu kwamba ganzi "itaondoa maumivu", yatakaporudi atadhani upasuaji umeharibika, au atanyamaza akivumilia.

Kwa hiyo taja mahali, muda na kitakachofuata:

*Mzee, utatiwa ganzi penye kidonda. Hutalala kwa dawa hiyo. Itakwisha baada ya saa chache. Ukianza kusikia maumivu, tuambie tukupe dawa ya kuyatuliza.*

Linganisha: *kufa ganzi* hutumika pia kwa mtu aliyeduwaa kwa mshtuko: *Alipopata habari za msiba, alikufa ganzi.*