Kaizers Orchestra: Kundi la Norwe Lililobadili Mlio Lisibadili Lugha

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kuwapa habari za kundi moja la wapiga muziki wa nchi ya Norwe, liitwalo Kaizers Orchestra. Muziki wao ni ule uitwao roki, yaani muziki wa magitaa ya umeme na ngoma nzito. Wapigaji wa muziki huo ni wengi mno duniani, wala tusingewachagua hawa kama kisa chao kisingekuwa na swali ndani yake. Swali lenyewe ni hili: mtu atokaye katika nchi yenye watu wachache, ambaye lugha yake haifahamiki mbali na kwao, akitaka kusikiwa na mataifa mengine, je, imempasa kuiacha lugha hiyo?

Kwanza hatuna budi kueleza kidogo habari za Kinorwe. Nchi ya Norwe ilikuwa chini ya wafalme wa Denmarki kwa muda wa karne nyingi, mpaka mwaka 1814, na lugha ya vitabu na ya serikali ilikuwa Kidenmarki. Baadaye mtaalamu mmoja, jina lake Ivar Aasen, mwana wa mkulima, akazunguka mashambani akikusanya maneno ya wenyeji, na kwa maneno hayo akatengeneza lugha ya kuandikia. Mwaka 1885 bunge likaamuru kwamba lugha hiyo iwe sawa na ile ya zamani. Kwa hiyo mpaka leo Wanorwe wana namna mbili za kuandika, na katika kusema kila wilaya hushika lahaja yake bila ya kuona haya.

Waimbaji nao hawakukosa kuzitumia lahaja hizo. Åge Aleksandersen aliimba kwa lahaja ya Trøndelag, na katika miaka ya 1980 makundi manne, yaani deLillos, DumDum Boys, Raga Rockers na Jokke & Valentinerne, yalipata sifa kubwa kwa roki ya Kinorwe. Lakini sifa yao ilikuwa hasa ya nyumbani. Aliyetaka kuvuka bahari, aghalabu aliimba Kiingereza. Mfano ulio wazi ni kundi la a-ha, ambalo wimbo wao wa Kiingereza ulishika nafasi ya kwanza katika Marekani mwaka 1985. Basi vijana wengi waliona kwamba njia ni ile moja tu.

Sasa na twende kusini-magharibi ya Norwe, mahali paitwapo Jæren. Ni nchi tambarare iliyo kando ya bahari, yenye upepo mwingi, na mashamba yaliyozungushiwa kuta za mawe. Mji wake mmoja ni Bryne. Karibu yake uko mji mkubwa wa Stavanger, ambao tangu mafuta ya petroli yalipogunduliwa chini ya bahari mwaka 1969 umekuwa makao makuu ya kazi hiyo. Watu wa Jæren huitamka herufi r kooni, na maneno yao yana ladha ambayo Mnorwe wa Oslo huitambua mara moja. Huko ndiko walikotoka Janove Ottesen na Geir Zahl, watungaji wa nyimbo za kundi hili. Hapo awali walikuwa na kundi dogo liitwalo gnom. Kisha mwaka 2000 wakaanzisha Kaizers Orchestra pamoja na wenzao.

Mlio wao wa kwanza ulikuwa wa ajabu. Waliuita ompa. Neno hili laiga sauti ya beni: tarumbeta kubwa husema "om", na vyombo vidogo hujibu "pa". Watoto wengi wa Norwe huujua mlio huo tangu shuleni, kwa kuwa shule nyingi zina beni zao, ambazo huandamana barabarani tarehe 17 Mei, siku ya katiba. Hawa jamaa waliuchukua mlio huo wa maandamano, wakauchanganya na magitaa ya umeme na mahadhi yaliyofanana na ya watu wa Ulaya ya mashariki. Tena wakaleta jukwaani mapipa ya mafuta na vyuma vya magurudumu ya motokaa, wakavipiga kwa mitaimbo. Helge Risa alipiga kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kile kile kilichozoeleka makanisani, huku amevaa usoni kinyago cha kuzuia gesi ya sumu. Mwenye kukijua kinanda hicho kwa nyimbo za sala hana budi kushangaa kukisikia kikilia katikati ya kishindo cha mapipa.

Santuri yao kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 2001, jina lake *Ompa til du dør*, maana yake "Ompa mpaka ufe". Maneno yake yalikuwa ya Kinorwe cha Jæren. Nyimbo zilisimulia habari za watu wa kubuni: majambazi na wakubwa wao, wapiganaji wa siri wa wakati wa vita, na nyumba ya wagonjwa wa akili ya Dieter Meyer. Santuri hiyo ilipewa tuzo ya Spellemann, ambayo ndiyo tuzo kubwa ya muziki katika Norwe. Ikafuata *Evig pint* mwaka 2003, yenye giza na uchungu zaidi, kisha *Maestro* mwaka 2005, iliyoturudisha katika nyumba ile ya Dieter Meyer. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuimba Denmarki, Ujerumani, Uholanzi na kwingineko, mbele ya watu ambao wengi wao hawakufahamu maneno yao.

Hapo mtu aweza kuuliza: ikiwa wasikilizaji hawafahamu maneno, lugha ina faida gani? Si ingekuwa afadhali kuimba Kiingereza, hadithi zile zikafahamika? Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa maana ni kweli kwamba Mjerumani asiyejua Kinorwe alipata mlio, akakosa kisa. Lakini na tufikiri. Maneno ya asili ya Kinorwe kwa kawaida huanza na mkazo katika silabi ya kwanza, na mengi yana konsonanti ngumu zilizosongamana. Maneno ya namna hiyo huanguka kama mtaimbo juu ya pipa. Lugha yenyewe ilikuwa ngoma mojawapo ya kundi. Tena mwimbaji aimbaye kwa ulimi aliozaliwa nao hasiti. Na msikilizaji, hata asipofahamu neno, hutambua kama mtu asema kwa moyo au asoma somo la kukariri.

Sasa twafika penye jambo gumu. Wahenga walisema, ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Santuri tatu zilikuwa zimekwisha kulia ompa, na watu walipolitaja kundi hili walitaja mapipa na kinyago kabla ya kutaja wimbo. Jambo lililowapatia jina lilikuwa karibu kuwafunga. Je, waendelee kupiga walilolizoea mashabiki, au wabadili na kuhatarisha mapenzi yao?

Wao walibadili. Santuri ya *Maskineri* ya mwaka 2008 ilipunguza ompa, ikaelekea zaidi roki iliyo nyofu, na hadithi za majambazi wale wa zamani zikawekwa kando. Mwaka 2009 wakatoa *Våre demoner*, yaani "Pepo wetu", ambayo ndani yake walizitengeneza upya nyimbo zilizobaki za miaka iliyopita, kama fundi arudiaye mbao alizozihifadhi. Kisha wakaingia katika kazi yao ndefu kuliko zote, *Violeta Violeta*, santuri tatu: mbili katika mwaka 2011 na ya tatu mwaka 2012, zote zikisimulia habari za jamaa moja iliyovunjika. Hapo mahadhi yalikuwa laini zaidi, na yenye kuimbika. Wimbo wao *Hjerteknuser*, maana yake "mvunja mioyo", uliotangulia mwaka 2010, ukasikika sana katika redio za Norwe, hata katika nyumba zisizopenda kelele za mapipa.

Mwaka huo huo wa 2011, jumba la maigizo la Rogaland Teater katika Stavanger lilionyesha mchezo wa kuimba uitwao *Sonny*, uliojengwa juu ya nyimbo zao. Hivyo lahaja ya mashambani ikapanda katika jukwaa la heshima, karibu na mahali ilipozaliwa.

Baadaye kundi likatangaza kwamba litapumzika, na tarehe 14 Septemba 2013 waliimba Stavanger mara ya mwisho mbele ya umati wa watu wao. Ikapita miaka kama kumi. Mwaka 2023 wakarudi jukwaani, na watu wakaja kuwasikiliza.

Sasa tulirudie swali letu. Kuna methali isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii ni ya kweli, ila yatudai tujue kwanza asili ni ipi. Mashabiki wengine waliona kwamba asili ya Kaizers Orchestra ni ompa, wakasikitika ilipopungua. Sisi twaona sivyo. Ompa waliichagua, lahaja ya Jæren walizaliwa nayo. Kile walichokichagua walikuwa na haki ya kukiweka chini kilipochakaa, na kile walichozaliwa nacho hawakukitupa hata walipokuwa mbali, mbele ya watu wasiokifahamu. Lau wangalishika mapipa wakaacha lugha, pengine wangalipata wasikilizaji wengi zaidi kwa muda. Lakini ile santuri ya mwisho isingalitambulikana kuwa ni ya watu wale wale wa santuri ya kwanza. Mlio wa mwaka 2001 na mlio wa mwaka 2012 ni mbali kabisa. Ukisikia ile r ya kooni, wajua mara moja ni nani aimbaye.