Hati Zilizokaa Kabatini: Uraia wa Wakimbizi wa 1972

Mjadala kuhusu mrundikano wa maombi ya uraia huishia mara nyingi kwenye lawama zilezile: maofisa ni wachache, majalada yamepotea, fedha hazitoshi. Historia ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu inatuonyesha jambo jingine kabisa. Huko majalada yalishughulikiwa kwa kasi ambayo Afrika ilikuwa haijaishuhudia. Kilichokwama ni hatua ya mwisho, ile ya kumkabidhi mtu karatasi yake.

Wakazi wa makazi hayo matatu ya magharibi mwa Tanzania walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Walipewa ardhi, wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakawa wanalisha hata majirani zao. Mwaka 2007 walihesabiwa wapatao 218,000, na kila mmoja akatakiwa kuchagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia. Takribani asilimia 80 waliomba uraia. Wengi wao, tusisahau, walikuwa wamezaliwa papa hapa.

Kufikia 2010, maombi ya watu wapatao 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Si jambo dogo. Mwaka 1980 nchi hii ilikuwa tayari imewapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000, lakini idadi hii ya pili ilikuwa ya kiwango kingine.

Hapo ndipo sharti lilipojitokeza: hati zingetolewa baada ya watu kuhama makazi na kutawanywa katika mikoa mingine. Dhamira ilikuwa kuwachanganya na Watanzania wenzao, ili makazi yasibaki visiwa vya wageni. Kwenye karatasi hoja hiyo inaeleweka. Lakini mikoa iliyotarajiwa kuwapokea haikuwa imeandaliwa, baadhi ya viongozi na wananchi wa huko walipinga, na fedha za kuwahamisha hazikutosha. Nami najiuliza: raia gani mwingine wa Tanzania aliwahi kuambiwa ahame kwanza ndipo atambuliwe?

Kwa miaka minne watu hawa waliishi katikati. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo kuomba huku kulimaanisha kuukana wa kule. Wakati huohuo, bila hati, hawakuwa na cha kumwonyesha ofisa yeyote. Uchaguzi Mkuu wa 2010 uliwapita. Anayekaa hivyo huogopa kujenga nyumba ya matofali au kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa msimu ujao huenda akaambiwa apakie virago.

Hatimaye serikali iliacha sharti la kuhama, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akazindua ugawaji wa hati. Miezi michache baadaye, Mei 2015, Warundi wengine kwa maelfu walikuwa wamesongamana ufukweni Kagunga, mkoani Kigoma, wakisubiri meli.