Kabla ya WhatsApp, barua ya askari ilisomwa na mtu wa tatu

Wasee, katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wa Gusii pia walijiunga na King's African Rifles, na kufikia 1944 askari wa KAR walikuwa Burma wakipigana na Wajapani. Barua za nyumbani zilifunguliwa kwanza na mkaguzi wa jeshi. Ukitaja kambi, anafuta. Siwasifu wakoloni, bana: walitumia njia hiyo hiyo kujua askari wanalalamikia nini.

Leo hakuna mkaguzi. Januari 15, 2016 Al-Shabaab walivamia kambi ya KDF ya El Adde, Somalia. Picha za waliouawa zikazunguka kwa simu, familia zikiwa bado zinangoja kuambiwa ukweli. Fikiria kumtambua babako kwa grupu.

Ndio maana hukasirika nikiona mtu wa Keroka ameposti bro wake na kombati, jina kifuani, eti "anarudi Somalia Ijumaa". Jina, siku, safari, zote umetoa bure. Na kwa matatu ya Nyamira, stori za likizo yake zinaskizwa na gari nzima.

Jirani yetu mmoja, mumewe ni mwanajeshi. Ukimuuliza yuko wapi, anajibu "yuko kazini", halafu anakuuliza bei ya ndizi.