Kabla Hujaomba Punguzo Kariokor

Mwaka juzi, baada ya kuacha chuo, niliamua kuuza sandali za ngozi kupitia simu. Nikaenda soko la Kariokor, fundi mmoja mzee akaniambia jozi ni 900. Nikamwambia, "Mzee, fanya soo sita, nachukua kumi." Akanyamaza kidogo. "Haya kijana, chukua." Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja. Nikaposti kwa 1,500, na mtu wa kwanza akaandika: "Hiyo ni bei ya watalii ama?"

Hapo ndipo nilianza kujiuliza hii bei rahisi hutoka wapi.

Anza na jina. Kariokor ni Carrier Corps, vile babu zetu walivyolitamka. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilo hilo. Kati ya 1914 na 1918, Waingereza na Wajerumani wakipigana huku kwetu, mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hivyo risasi na chakula vikabebwa na watu. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Wengi walitembea pekupeku. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na magonjwa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kufikia familia zao. Sasa fikiria, mahali penye jina hilo ndipo tunaenda kutafuta viatu vya bei ya chini.

Halafu kuna ngozi yenyewe. Kenya ina mamilioni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, so mbona fundi analalamika? Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, viatu vya mitumba na vya plastiki vilimiminika, na viwanda vingi vya ngozi vikafunga. Ngozi nyingi ikawa inatoka nchini ikiwa mbichi, ama nusu tayari: imetiwa kromiamu, iko rangi ya samawati, haijafika hata kuwa mshipi. Inamaliziwa kwingine, na pesa nzuri inabaki huko huko. Serikali imewahi kuweka ushuru kwa ngozi mbichi inayotoka, lakini fundi wangu bado ananunua kinachobaki.

Na kinachobaki alinionyesha. Alitandaza kipande mezani: hapa alama ya chuma cha moto, hapa mikwaruzo ya miiba, hapa kisu cha mchinjaji kimetoboa. Anapanga pateni zake akizunguka hayo matundu kama mtu anakwepa mashimo ya barabara. Mahali pakubwa pasafi panakuwa mkoba. Pa wastani, kanda za sandali. Vipande vidogo vinakuwa vishikio vya funguo, hakuna cha kutupa. Soli zingine anakata kwa tairi kuukuu, ile hesabu ya akala. Bei ya gundi, uzi na ngozi haiko mikononi mwake. Kitu pekee anaweza kupunguza ni malipo yake mwenyewe, na ile 300 niliyokata ilikuwa hiyo.

Juzi nilirudi, nikauliza bei, sikubishana. Akasema elfu moja, gundi imepanda. Nikalipa. Sasa nauza 1,700, wateja wamepungua, na jozi nne bado ziko chini ya kitanda changu. Saizi 41, kama kuna mtu.