Kukodi filamu fupi kwa chama cha filamu: unacholipia ni ruhusa

Kila nikisikia kikundi kinataka kuanzisha usiku wa filamu, swali la kwanza huwa ni projekta itatoka wapi. La ruhusa huja mwisho, au haliji kabisa. Naona ndilo lingetangulia. Kununua diski au kulipia filamu mtandaoni hukupa haki ya kuitazama nyumbani kwako. Kuionyesha ukumbini mbele ya watu ni haki nyingine, na hiyo ndiyo inayokodiwa.

Mahali pa kukodi

Filamu za majaribio, zile zisizofuata hadithi ya kawaida, hazipatikani kwa wasambazaji wakubwa. Zinatunzwa na mashirika yaliyoundwa na wasanii wenyewe. The Film-Makers' Cooperative ya New York ilianzishwa mapema miaka ya 1960, Jonas Mekas akiwa miongoni mwa waasisi. Canyon Cinema ilianza mwaka 1961 pale Bruce Baillie alipowaonyesha majirani filamu uani kwake, katika kijiji cha Canyon, California. London iko LUX, mrithi wa ushirika wa mwaka 1966, na Paris iko Light Cone, iliyoanza mwaka 1982.

Katika ushirika kama ule wa New York, msanii hubaki na mali yake, hupanga bei mwenyewe, na pato hugawanywa kati yake na shirika. Filamu hizi haziuzi tiketi katika sinema za mjini. Soko lake ni vyama kama chako, makumbusho na vyuo. Kikundi kikichota nakala bila kulipa, kinamnyima msanii mlango ambao huenda hana mwingine.

Vichekesho vya kale

Hapa mambo ni nafuu zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya hulinda filamu kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au kutolewa kwa umma, ikihesabiwa kuanzia tukio la mwisho. Kwa hivyo The Immigrant ya Charlie Chaplin (1917) na One Week ya Buster Keaton (1920) zimeshatoka kwenye ulinzi huo.

Lakini mtego uko kwenye muziki. Filamu hizo hazikuwa na sauti, na nakala nyingi zilizosafishwa upya zimetiwa muziki uliotungwa juzijuzi. Muziki huo una mwenyewe. Pia, nakala nzuri ikitoka kwa mtu au shirika, masharti ya mkataba wao yatakubana hata kama filamu yenyewe ni ya zamani. Kinga rahisi ni kuzima sauti na kumwita mpiga udi au kinanda wa mtaani apige papo hapo. Ndivyo zilivyoonyeshwa zama zake, na mwanamuziki wetu atapata riziki.

Angalia na kasi. Filamu nyingi za enzi hiyo zilipigwa kwa picha chache kwa sekunde kuliko 24 za leo. Zikichezwa kwa kasi isiyofaa, kila mtu hukimbia kama anafukuzwa na nyuki.

Unapoandika kuomba

Taja jina la filamu na mwaka wake, tarehe, ukumbi, idadi ya viti, kiingilio kama kipo, na aina ya nakala unayoweza kucheza. Mkanda wa milimita 16 unahitaji mashine yake na mtu anayeijua, na kuusafirisha kutoka ng'ambo ni gharama kubwa. Faili ya kidijitali ndiyo njia ya wengi. Uliza kama bei ni ya onyesho moja. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na onyesho la pili hulipiwa. Omba faili mapema uijaribu kwenye projekta ileile utakayotumia.

Hapa nyumbani, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ndiyo hutoa cheti cha filamu za kuonyeshwa hadharani. Usidhani onyesho la wanachama pekee limesamehewa. Waulize kabla ya kubandika matangazo.

Kupanga usiku wenyewe

Amos Vogel, aliyeendesha chama cha Cinema 16 huko New York kuanzia 1947 hadi 1963, alichanganya filamu za majaribio, za sayansi na za maisha halisi katika jioni moja. Nami napenda mchanganyiko. Anza na Keaton, watu wacheke. Kisha weka Meshes of the Afternoon ya Maya Deren na Alexander Hammid (1943), dakika 14 hivi za ndoto inayojirudia. Malizia na Chaplin. Vichekesho vikigharimu kidogo, bajeti ya kukodi ielekezwe kwa msanii aliye hai. Mlipe kwanza, projekta itafuata.