Ugonjwa Sugu wa Fizi kwa Paka

Ugonjwa sugu wa fizi ni uvimbe wa muda mrefu ambao mara nyingi huenea hadi nyuma ya kinywa cha paka. Kinga ya mwili hupambana kupita kiasi na ukoga wa meno, na wagonjwa wengi hukutwa na virusi vya kalisi.

Paka mgonjwa huijia sahani kwa njaa, huonja, kisha hurudi nyuma kwa maumivu. Mate humtoka, kinywa hunuka, na manyoya hukosa kulainishwa kwa kuwa kujilamba kunamwumiza. Akikaa siku kadhaa bila kula, ini lake huweza kudhurika. Kwa hiyo apelekwe mapema kwa daktari wa mifugo.

Kamwe asipewe parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuiondolea sumu dawa hiyo, na hata kidonge kimoja huweza kumwua.

Daktari husafisha meno na kutoa dawa za maumivu. Uvimbe usipotulia, hung'oa meno ya nyuma, au yote 30. Wenye paka wengi huona huo ni ukatili, lakini aghalabu ndio unaomrudishia mnyama raha ya kula. Baadhi huendelea kuhitaji dawa.

Nyumbani, paka huyo hufaa kupewa chakula laini chenye uvuguvugu, kama samaki aliyetolewa miiba na kupondwa, na kupimwa uzito kila juma. Paka huficha maumivu. Uzito unaopungua huyafichua.