Kosa ni Kuwa Nayo

Neno bangi halikutoka Ulaya. Lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, likatua Pwani kama vile chapati, bima na gari. Wazee wetu walikuwa wakilitamka zamani, kabla serikali yoyote haijaliandika kwenye hati ya mashtaka. Lakini hapa Marereni, kijana akipita na pingu mkononi kwa sababu ya msokoto mmoja, utasikia watu wakisema: ndiyo sheria, imekuwepo tangu hapo. Mimi nikataka kujua "tangu hapo" ni tangu lini.

Ni tangu 1913. Mwaka huo wakoloni walitunga sheria ya kuzuia afyuni na jamii yake, bangi ikatiwa humo humo, na 1914 ikaanza kazi. Sasa itazame miaka hiyo ukiwa umesimama huku kwetu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alikuwa akiwalisha Wagiriama kiapo wasitoe vijana wakafanye kazi za Wazungu. Akakamatwa, akapelekwa Kisii. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa, na Wagiriama wa kaskazini ya mto Sabaki, yani upande wetu huu, wakachomewa nyumba na kuamriwa wahame. Sijasema bangi ndiyo iliyoleta vita. Nasema serikali iliyotunga sheria ile haikuwa na mazoea ya kumuuliza mtu wa huku lolote.

Na Waingereza hao hao walikuwa wameshalichunguza jambo hili. Mwaka 1893 na 1894 tume yao kule India iliwahoji watu wengi, ikaandika ripoti ya majuzuu saba, ikasema matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa na haikushauri marufuku kamili. Ripoti ikawekwa rafuni. Mwaka 1925, kwenye mkutano wa Geneva, mjumbe wa Misri alishikilia hashishi iingizwe kwenye mkataba wa afyuni, na bangi ikawa jambo la kimataifa. Mkataba wa 1961 ukakaza kamba zaidi. Kenya huru ikairithi kamba hiyo, na mwaka 1994 Bunge likaivuta: ukikutwa na bangi, hadi miaka 20 jela. Ukiiridhisha mahakama kwamba ni yako ya kuvuta tu, hadi miaka 10.

Hebu lisome tena hilo neno "ukiiridhisha". Kwa kawaida upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha. Hapa, ukitaka ile adhabu ndogo, mzigo unabebeshwa wewe.

Siasa ilipiga kelele zake. Mwaka 2018 Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitaka mswada wa kuihalalisha. Akafariki 2019 kabla haujafika popote. Mwaka 2021 Warastafari walikwenda Mahakama Kuu kudai ni sehemu ya ibada yao. Mwaka 2022 George Wajackoyah aligombea urais akiahidi bangi italipa madeni ya nchi, tukacheka, tukacheza. Mwaka huo huo, bila ngoma wala mabango, sheria ya 1994 ilirekebishwa: bangi ya matumizi yako mwenyewe ikawa kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Vijana wengi ninaowajua wanaijua ahadi ya Wajackoyah. Marekebisho haya hawajayasikia.

Na hapo ndipo historia inapomgusa mtu aliyekamatwa jana kwenye barabara ya Malindi kwenda Garsen. Kesi yake ina maswali, na kila swali lina mlango. Je, ni bangi kweli? Hilo hujibiwa na mkemia wa serikali, si pua ya karao. Je, ilikuwa yake? Kisheria, kuwa na kitu ni pamoja na kujua kwamba kipo. Mwenye bodaboda aliyebeba mfuko wa abiria bila kujua kilichomo hayuko sawa na aliyejua na kukubali. Je, ni ya kuvuta au ya kuuza? Hilo ni swali zito kuliko yote, maana ulanguzi una kifungu chake, na adhabu zake haziko karibu kabisa na zile miaka 5.

Katiba ya 2010 imempa silaha pia. Aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza. Afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama muda umeisha korti ikiwa imefungwa. Awe na mkalimani bila kulipa kama Kiswahili cha kortini kinampiga chenga. Na adhabu ikibadilishwa kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu, apewe iliyo nyepesi.

Lakini wengi hawafiki kwenye maswali hayo. Wanasimama kizimbani, wanasomewa, wanaulizwa, wanajibu: ni kweli. Wameambiwa na wenzao seli kwamba ukikubali mambo yanakwisha haraka. Kumbe hapo hapo wamekubali uzito, umiliki, mpaka yale yaliyoandikwa na askari ambayo hawakuyaelewa. Tangu 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishaweka utaratibu: shtaka lielezwe kwa lugha ya mshtakiwa, maelezo ya kosa yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga. Akipinga, lile "ni kweli" linafutwa na kesi inaanza.

Faini ikishalipwa, doa linabaki. Siku utakapoomba cheti cha tabia njema ili ukalinde jengo Nairobi au ukafanye kazi Ghuba, ule msokoto utakuwa umefika kabla yako.

Kama sheria hii ifutwe au ibaki, tutabishana mpaka chumvi ya Marereni iishe. Ila ukiwa na ndugu aliyeshikwa, usimpelekee chai na mkate peke yake. Mwambie asome shtaka, aulize asichoelewa, na kama si kweli, aseme si kweli.